Samawati au krimu: shajara ya kupaka rangi msana wa yuu, Lamu

6 Januari 2025: chumba chenyewe

Nyumba iko mtaa wa Mkomani, ya mawe ya zamani, na chumba tunachotaka kukipaka ni msana wa yuu, anapokaa mamangu kushona kofia. Kwa asiyezijua nyumba za Lamu, misana ni vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana kuanzia kiwandani (ua wa ndani ya nyumba, ulio wazi juu) kwenda nyuma: msana wa tini mbele, wa yuu nyuma yake. Wembamba wake unatokana na boriti za mikoko zinazobeba dari, maana boriti ya kawaida haivuki mita tatu. Msana wetu wa yuu una urefu wa mita 7, upana wa mita 2.6 na kimo cha mita 3.5. Hauna dirisha hata moja. Mwanga wake wote unatoka kiwandani, unapita msana wa tini kwanza, ndipo unafika kwa mama.

Mama anataka samawati, kwa sababu inapoza macho. Dada yangu anataka krimu, kwa sababu inaongeza mwanga. Hoja zote mbili zinaweza kupimwa, na ndicho ninachokusudia kufanya kabla Ramadhani haijaingia. Naandika kwa ajili ya wenye nyumba kama hii, kwa sababu mengi yanayosemwa kuhusu rangi za ndani yanachukulia kwamba chumba kina madirisha mapana na kuta za saruji.

Nimepima kwa programu ya simu, saa nne asubuhi, siku isiyo na wingu. Ukingoni mwa kiwanda: luksi (kipimo cha mwanga) 1,400. Kwenye kiti cha mama: luksi 55. Ofisini hupendekezwa luksi 500 kwa kusoma na kuandika, na mama hapo anatoboa kitambaa cheupe na kukishona kwa uzi mweupe. Simu si kipimo cha maabara, lakini ni simu ile ile, mahali pale pale, saa ile ile, kwa hiyo tofauti kati ya siku na siku ina maana.

11 Januari: kadi za dukani na vibao

Kadi za rangi ni ndogo kama tiketi ya boti na hutazamwa barazani mwa duka, juani. Hazikutusaidia. Tumenunua lita moja ya rangi ya maji kwa kila moja, tukapaka mikono miwili kwenye vibao vya plaiwudi vya sentimita 60 kwa 60, tukavipeleka chumbani.

Vikiegemezwa ukutani pamoja, krimu ilikuwa ya manjano kali na samawati ilikuwa imekolea kuliko tulivyonunua. Mama alifurahi, dada akasononeka. Tulipokitoa kimoja, kilichobaki kilitulia mara moja. Hili lina maelezo ya kale: Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins huko Paris, alieleza mwaka 1839 kwamba rangi mbili zikikaa bega kwa bega jicho huzidisha tofauti yake. Manjano na buluu ndizo zinazochokozana hasa. Kwa hiyo njia ambayo karibu kila mtu huitumia, ya kupaka alama mbili jirani ukutani, inaonyesha ugomvi wa rangi hizo. Rangi ya chumba haionekani hapo.

Tangu leo kila kibao kina ukingo wa chokaa nyeupe wa upana wa kiganja, na kinatazamwa peke yake.

19 Januari: shura

Kibao si ukuta. Tulitaka kuziona rangi kwenye ukuta wenyewe, hivyo tukapaka kila moja katika kona yake, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kichwa. Ndani ya wiki, sehemu yote ya chini ya mita moja imevimba. Ukibonyeza malengelenge yanapasuka, na ndani yake mna shura, chumvi nyeupe ya ukutani, iliyoota kama manyoya. Samawati na krimu zimeharibika sawasawa, kwa hiyo kosa si la rangi moja.

Mzee fundi, aliyeikarabati nyumba hii tangu enzi za baba, aliutazama ukuta kwa muda mfupi tu.

"Ukuta huu wanwa mai, mwanangu. Ukiuziba utatema."

Mawe yetu ni ya matumbawe, yana vinyweleo na yana chumvi ya asili yake. Unyevu unapanda kutoka chini, unayeyusha chumvi, unakuja nayo usoni mwa ukuta. Ukuta ukiwa umepakwa chokaa, maji yanatoka taratibu na chumvi inabaki juu, unaifagia. Rangi ya maji ya kisasa ina utando wa plastiki. Unyevu unakwama nyuma yake, chumvi inaganda hapo hapo na kuusukuma utando mpaka unapasuka. Tena tulipobandua tulikuta kiraka cha saruji cha ukarabati fulani wa zamani, na kando yake shura ilikuwa nyingi maradufu, kwa kuwa saruji inaufukuza unyevu uende pembeni.

Hapa swali letu limebadilika. Samawati na krimu bado ni samawati na krimu, lakini zote mbili lazima ziwe za chokaa. Makopo ya rangi ya maji yamebaki ya vibao tu.

Kazi yenyewe: saruji imechongolewa, lipu iliyooza imetolewa hadi kwenye jiwe kwa kimo cha mita 1.2, ukuta umefagiliwa kwa brashi kavu (ukiosha kwa maji unairudisha chumvi ndani), kisha lipu mpya ya chokaa na mchanga wa bara. Mchanga wa ufukweni haufai kabisa, una chumvi. Huu ulivuka kwa boti kutoka Mokowe na kuletwa mlangoni na punda.

27 Januari: kuchanganya rangi ndani ya chokaa

Chokaa ni kali. Si kila unga wa rangi unaivumilia. Buluu ya aina ya Prussian, kwa mfano, huharibika ikikutana na chokaa mbichi. Ile buluu ya kufulia ya zamani ni ultramarini, nayo huhimili. Mafundi wa pwani wameitia kwenye chokaa miaka mingi ili nyeupe ionekane nyeupe zaidi. Ukizidisha unapata samawati. Kwa krimu tumetumia oksidi ya chuma ya manjano, unga ule ule wanaotia kwenye sakafu za saruji. Huo nao chokaa haiudhuru.

Vipimo vya mwanzo: kilo 10 za chokaa iliyozimwa, iliyolowekwa na kuchujwa kwa kitambaa, maji mpaka ifike uzito wa maziwa. Samawati: gramu 120 za buluu. Krimu: gramu 300 za oksidi. Unga uroweke peke yake usiku kucha kwanza, vinginevyo unaacha michirizi.

Mzee fundi alitaka kutia chumvi ya jikoni, kama walivyozoea mafundi wengi, ili chokaa ishike. Ni kweli chumvi huivuta unyevunyevu na kuichelewesha kukauka. Lakini kwenye ukuta uliokwisha kuota shura sikuona sababu ya kuuongezea kilicho chake tayari. Tulijadiliana, akakubali tujaribu bila.

4 Februari: chokaa ikatoka unga

Mkono wa kwanza na wa pili ulipakwa asubuhi, upepo wa kaskazi ukivuma moja kwa moja kupitia kiwandani. Ulikauka kabla ya adhuhuri na ukapendeza. Jioni mama aliegemea ukutani, buibui lake likageuka jeupe mgongoni. Ukipitisha kiganja unaondoka na nusu ya rangi.

Chokaa haigandi kwa kukauka tu. Inavuta hewa ya ukaa kutoka hewani na kurudi kuwa aina ya jiwe, na kazi hiyo inahitaji unyevu. Kaskazi iliunyang'anya ukuta maji kabla kazi haijaanza. Fundi alikumbusha kwamba zamani kazi hii ilifanywa pasipo upepo au baada ya alasiri, na sisi tulikuwa tunaharakisha kwa sababu ya Ramadhani.

Marekebisho yaliyofaulu: kukwangua unga wote kwa brashi. Kulowesha ukuta jioni iliyotangulia, na tena muda mfupi kabla ya kupaka, mpaka uwe na ubaridi bila kutiririka. Kupaka baada ya alasiri, mikono myembamba sana. Kutundika magunia yaliyoloa kwenye uwazi wa msana ili yakate upepo. Asubuhi yake kunyunyiza maji kidogo. Kati ya mkono na mkono, siku nzima ipite. Mikono mitatu ya namna hii haitoki kwa kiganja.

Jambo jingine la kuzingatia kwa anayelinganisha rangi: chokaa mbichi hudanganya. Inapopakwa huonekana nyepesi na ukuta wa chini unatokeza, na rangi yake huwa imekolea. Kadiri inavyokauka ndivyo inavyofifia na kufunika. Samawati yetu ilipopakwa dada alisema ni ya shule. Siku ya tatu ilikuwa imefifia hata tukatafuta mpaka wake na nyeupe. Msihukumu mapema.

9 Februari: kona mbili

Sasa tumefika kwenye mashindano yenyewe. Kila rangi imepewa kona kamili, ukuta wa nyuma na ukuta wa upande, tangu chini hadi juu, mwisho huu na mwisho ule wa msana. Nimesisitiza kona kwa sababu katika chumba chembamba kuta hutazamana, na mwanga unaopiga huu hurudi kwenye ule ukiwa umebeba rangi. Kila unaporudi inakolea. Kibao kimoja hakiwezi kukuonyesha hilo, kona inaweza.

Asubuhi, saa nne: samawati inapendeza sana kwa aliyesimama msana wa tini na kutazama. Ukienda kukaa ndani yake, imegeuka kijivu. Mwanga unaofika huku ni mchache, na samawati inameza sehemu kubwa ya huo mchache. Kiti cha mama katika kona ya samawati: luksi 48. Kona ya krimu: luksi 66. Ukuta mchafu wa mwanzo ulikuwa 55, maana yake samawati imelirudisha nyuma jambo tulilokuja kulitengeneza.

Adhuhuri hakuna tofauti kubwa, rangi zote zinang'aa kiasi chake.

Magharibi, kabla ya kuwasha taa, mambo yaligeuka kwa namna ambayo sikuitarajia. Krimu ilizama, samawati ikabaki inaonekana, hata ikaonekana kuwa nyeupe kuliko mwenzake. Simu haikuonyesha hivyo, ilisema krimu bado inarudisha mwanga zaidi. Ni jicho. Mwanga ukipungua sana tunatumia seli nyingine za jicho, zinazoihisi buluu vizuri kuliko manjano na nyekundu. Kwa hiyo mama hakukosea aliposema samawati inapoza macho wakati huo wa magharibi, ila wakati huo hashoni.

Usiku kwa balbu ya manjano, ya kelvini 2,700, samawati ina ukijani wa maji yaliyotuama na krimu ni nzuri mno. Kwa balbu nyeupe ya kelvini 6,500, ambayo ndiyo iliyokuwapo, krimu inapauka na samawati inasafika. Nimebadilisha balbu nikanunua ya kelvini 4,000, hapo zote mbili zinakaa karibu na zilivyo mchana. Anayelinganisha rangi aamue balbu kwanza, vinginevyo analinganisha balbu.

13 Februari: ukuta wa kiwanda

Ingizo hili halikuwamo katika mpango, lakini ndilo ningependa lisomwe na kila mwenye msana wenye giza.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mama nikitazama nje, na nilichokiona ni ukuta wa upande wa pili wa kiwanda, umejaa ukungu mweusi wa mvua za miaka. Misana yetu imeelekea kaskazini. Lamu iko karibu digrii mbili na robo kusini ya Ikweta, hivyo mwezi huu jua la mchana liko kusini ya vichwa vyetu. Haliingii msanani, linaupiga ukuta ule wa mbele. Mwanga anaoupata mama unatoka sana kwenye ukuta ule na kidogo tu mbinguni. Ukuta mweusi unaula.

Tukaukwangua na kuupaka chokaa nyeupe, mikono miwili, bila rangi yoyote. Chokaa nyeupe safi hurudisha zaidi ya asilimia 70 ya mwanga unaoipiga. Baada ya siku tatu, saa nne asubuhi, kona ya krimu imepanda kutoka luksi 66 hadi 104, na ya samawati kutoka 48 hadi 79. Ukuta wa nje umeleta zaidi ya rangi zote mbili za ndani.

Nilidhani samawati sasa itajitetea. Imeboreka kweli, ukijivu umepungua. Lakini pengo kati yake na krimu halikuziba. Ifikapo Juni jua litakuwa upande wa kaskazini, litaingia msana wa tini lenyewe na ukuta ule wa kiwanda utakuwa kivulini. Nitapima tena wakati huo na kuongeza hapa.

16 Februari: krimu nayo ina ila

Mama amekubali krimu, kwa moyo mzito kidogo. Tukapaka ukuta wote wa nyuma na wa mbele kwa gramu zile zile 300. Ilipokauka, luksi 128 kitini, dada akashangilia.

Siku iliyofuata mama alitoa nyuzi zake. Kofia aliyokuwa akiishona ni nyeupe juu ya nyeupe, na pembeni ana uzi wa rangi ya maziwa wa kofia nyingine. Alishona sehemu nzima ya ukingo, akatoka nayo kiwandani, akakuta ameshona kwa uzi wa maziwa. Kwa mwanga wa chumba kile nyuzi mbili zilikuwa moja. Kuta za krimu zinazotazamana zimeupaka mwanga wote umanjano, na mwanga wa manjano unafuta tofauti kati ya nyeupe na maziwa. Kazi ya siku nzima ikafumuliwa. Hilo limeniuma kuliko shura, maana macho yake ndiyo sababu ya mradi huu.

Dada alitaka tupake nyeupe tupu tumalize. Tulijaribu kipande. Nyeupe tupu katika msana huu, mbali na kiwanda, inaonekana ya kijivu na baridi, na mama alisema ni ya msikitini, hataki kulala mbele ya mihrabu. (Hulala hapo mchana wa joto.) Katika ile nyumba ya makumbusho ya Kiswahili hapa mjini kuta za chokaa ni nyeupe na zinapendeza, lakini kule hakuna anayekaa kutwa akishona.

Tukapunguza umanjano: kilo 10 za chokaa kwa gramu 100 za oksidi, theluthi ya mwanzo. Mikono miwili juu ya ile ya zamani.

22 Februari: msana umekwisha

Krimu ya gramu 100 haionekani kuwa krimu mpaka uweke karatasi nyeupe juu yake. Chumbani, hata hivyo, inatosha: kuta zikijibizana umanjano unajiongeza wenyewe mpaka kufika pale dada alipotaka tangu mwanzo alipoishika kadi. Kiti cha mama, saa nne asubuhi: luksi 139. Nyuzi zimepangwa juu ya mkeka na akazitenga nyeupe na maziwa bila kutoka nje. "Yeo naliona tundu la sindano," alisema, na akaendelea na kazi.

Ndoo ya samawati iliyobaki, ile ile ya gramu 120, imepakwa chooni, ambako juu ni wazi na mbingu inaingia yenyewe. Huko ni samawati kamili, safi, ndiyo aliyoikumbuka mama katika nyumba ya utoto wake. Rangi haikubadilika, mwanga ndio uliobadilika.

Gharama, kwa shilingi: makopo mawili ya majaribio 1,700, plaiwudi 700, mifuko mitano ya chokaa 3,250, mchanga na boti 2,400, punda 1,200, mzee fundi 9,000, msaidizi 4,500, oksidi 600, buluu 200, brashi 900, balbu 700. Jumla 25,150. Anayeanza sasa anaweza kuacha makopo na plaiwudi akajaribu kwa chokaa moja kwa moja, lakini asiguse ujira wa fundi anayeijua chokaa. Gharama ya chini kuliko zote kwa faida yake ilikuwa ukuta wa kiwanda: mfuko mmoja wa chokaa na kazi ya jioni mbili.

Yaliyobaki: mita moja ya chini ifagiliwe shura kila baada ya mvua, na ipakwe mkono mmoja kila mwaka. Chokaa ya krimu iliyobaki iko kwenye dumu, imefunikwa na maji kidogo juu ili isigande, na vipimo vimeandikwa kwenye dumu lenyewe. Dari ya boriti hatujaigusa. Imefukizwa na moshi wa miaka, nayo inameza mwanga, ila mama hataki boriti zipakwe kitu, na hapo nakubaliana naye. Tutapaka chokaa nyeupe sehemu za katikati ya boriti tu, baada ya Idi.